Ada ya maji tunalipa, basi na utafiti tuagize

Ndugu Mhariri,

Wabunge wako Dodoma kwenye bajeti, na kila mwaka msimu huu nasikia redioni visima, mabwawa na mabomba. Sijasikia ikijadiliwa kwa kirefu fedha ya kujua maji yenyewe yanatoka wapi na yanapotelea wapi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niliseme hilo kwa niaba ya sisi wa tambarare ya Moshi. Ninalo pendekezo, na linaanzia mfukoni mwetu wenyewe kabla ya kwenda kwa mfadhili.

Mimi ni mkulima wa mpunga Chekereni, na ni katibu wa kamati ya maji ya mtaro wetu. Kazi ya katibu ni daftari. Naandika zamu: nani kafungulia saa ngapi, nani kafunga, nani kakutwa usiku akihamisha mawe langoni akasema anatafuta ndala yake. Naandika pia maji yamefika alama ipi kwenye ukuta wa lango, alama tulizochora wenyewe kwa rangi nyekundu. Sina shahada ya maji. Lakini kila mtaalamu anayekuja kuandika habari za skimu hii huletwa kwangu kwanza, kwa kuwa daftari liko kwangu.

Na kuja wanakuja. Vyuo vikifunga tu, pikipiki zinaanza kushusha vijana wenye mabegi mgongoni. Wako wa Morogoro, wako wa Tengeru, wako wageni wa kutoka nje wakiwa na mkalimani wa kukodi mjini. Wote wana dodoso. Maswali ya mwanzo nayajua kwa kichwa: umri wako, elimu yako, una watoto wangapi, unamiliki redio, unamiliki ng'ombe. Maji yenyewe hayatokezi mpaka kurasa za mwisho, na yakitokeza unaulizwa kama unaona mabadiliko ya tabianchi: sana, kiasi, au hapana. Bibi mmoja wa jaruba la jirani alimjibu kijana, "Mjukuu wangu, mimi naona mtaro mkavu. Hayo mengine andika wewe uliyesoma."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wa dodoso akija anayepona ni yeye. Anaondoka na shahada, sisi tunabaki na soda aliyotununulia.

Siwasemi vibaya watoto wa watu. Mtafiti anakwenda na swali la yule aliyemlipia. Kama fedha imetoka mfuko wa Ulaya unaotaka kujua habari za tabianchi, atauliza tabianchi. Kama ni ya mradi unaotaka kuhesabu wanawake waliofikiwa, atahesabu wanawake. Swali letu sisi halina aliyelilipia, ndiyo maana haliulizwi. Miaka fulani kijana wa chuo kimoja alichimbia bomba la plastiki kwenye pembe ya jaruba langu, ndani akaning'iniza kifaa cha kupima kina cha maji ya ardhini. Alikuwa mpole, akanifundisha hata kukisoma. Mradi ukaisha, kifaa kikachukuliwa na namba zake zikaenda nacho. Nilipoomba nakala niliambiwa ni mali ya mfadhili. Ni kama kutolewa damu hospitali, halafu majibu akapewa mtu mwingine aliye nchi nyingine.

Sasa niseme swali letu ni lipi, kwa sababu bila hilo nitaonekana nalalamika tu.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mradi wa Lower Moshi ulipokuwa ukijengwa kwa mkopo wa Serikali ya Japani. Ulikamilika mwaka 1987. Hesabu yake ilikuwa hekta 2,300 za kumwagilia, na kati ya hizo kama hekta 1,100 ziwe za mpunga, kwa maji ya Mto Rau na chemchemi ya Njoro. Mavuno yalishangaza watu wazima. Hekta iliyokuwa ikitoa tani mbili au pungufu ilianza kutoa tani sita. Wazazi wetu waliezeka bati, wakasomesha. Wapimaji walikuwa wameupima mto vizuri. Jambo ambalo hesabu yao haikulishika ni kwamba jirani aliye juu ya banio, pale mtoni maji yanapochepushwa kuingia mtaroni, naye ana macho. Alipoona mpunga unalipa, akachimba mfereji wake, akapanda mpunga, wala hakuhitaji kusubiri zamu ya mtu. Kabla ya miaka mingi kupita, sehemu kubwa ya majaruba yaliyopangwa kupandwa mpunga ilikuwa haipati maji ya kutosha. Hii si siri. Imeandikwa na watafiti wengi, na mimi nimewahadithia baadhi yao.

Kwa hiyo huku chini wimbo ni mmoja: maji yanaishia juu. Mume wangu lakini ni mtu wa Uru, na huko juu ndiko Rau inakotoka. Tukienda Krismasi, shemeji yangu mkubwa ananipeleka kuona mfongo wa ukoo wao, ule mfereji uliochimbwa na mababu ukipita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani moja hadi jingine. Mwaka jana ulikuwa na majani makavu ndani. Nikamwambia kwa utani, "Shemeji, mnatumalizia maji huku juu." Akanitazama kwa muda. "Shemeji, maji gani? Sisi tunajua nyie wa mpunga ndio mmeandikiwa maji yote serikalini." Yeye anadhani yanakwenda kwangu, mimi nadhani yanabaki kwake. Mjini katikati wanachimba visima kila uchochoro. Chini ya mji kuna msitu wa Rau wenye ule mti wa msoo ambao ni adimu duniani, nao unaishi kwa maji yaleyale ya ardhini. Na juu kabisa kuna msitu wa mlima. Kila mmoja ana mshukiwa wake, na hakuna hata mmoja mwenye namba.

Swali ndilo hilo. Kuanzia ukingo wa msitu kule Uru hadi banio la Rau, mwezi kwa mwezi, maji yanapungua wapi na kwa sababu gani? Kiasi gani ni mifongo, kiasi gani ni mpunga usio na kibali, kiasi gani ni visima vya mjini, kiasi gani kinazama tu kwenye mifereji yetu wenyewe ya udongo? Nimewauliza wengi. Huwa wanasema ni swali zuri, kisha wanageukia dodoso.

Wakati huohuo mlima wetu wa Kilimanjaro huenda ni miongoni mwa milima iliyochunguzwa sana Afrika, na sina wivu na hilo. Barafu yake imepimwa na kupimwa tena: mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake kutoka Marekani walipanda wakatoboa barafu ile, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba huenda ikaisha kati ya 2015 na 2020. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Barafu imesinyaa sana, lakini mabaki bado tunayaona asubuhi mawingu yakifunguka. Na kwa mkulima wa Chekereni, barafu siyo inayojaza mtaro. Mtu aliyenisaidia kuelewa hilo, kupitia maandishi yake niliyofasiriwa, ni Mjerumani Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, aliyechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi. Anaonyesha kwamba maji yetu ni ya msitu: mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka upande wa kusini, pamoja na ukungu unaonaswa na miti. Moto unaokula msitu wa juu unatuumiza kuliko barafu inayoyeyuka. Baada ya moto wa Oktoba 2020, na ule wa Oktoba 2022, nilikuwa nikisikia watu wanauliza kuhusu watalii. Mimi niliwaza mtaro.

Nilitaje na Ziwa Chala, maana hili huwa linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwaka 2016 wanasayansi wa mataifa kadhaa walitoboa tope lililo chini ya ziwa lile, zaidi ya mita 200, wapate kusoma hali ya hewa ya miaka kama 250,000 iliyopita. Kazi kubwa, na natamani kuona walichopata. Lakini fikiria: mvua ya enzi ambazo hakuna Mchagga wala Mpare aliyekuwapo hapa inafuatiliwa, na mimi katibu wa maji nikitaka kujua Rau ilipitisha lita ngapi kwa sekunde Februari ya miaka kumi iliyopita, sina pa kwenda nikapewa karatasi.

Utafiti wa namna ile, wa mtu anayefuata udadisi wake, lazima uendelee. Hakuna kamati ya maji ambayo ingemwagiza Hemp ahesabu mimea, na bila mimea ile tusingejua habari ya ukungu. Ninachodai ni kwamba pembeni yake kuwe na fungu, hata dogo, la utafiti wa kuagizwa, na wenye kuagiza tuwe sisi tunaokunywa, tunaomwagilia na tunaofua umeme kwa maji hayo.

Fedha ipo. Sisi tuna kibali cha kutumia maji na tunalipa ada kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake ni hapa hapa Moshi. Si sisi peke yetu. Analipa mwenye shamba la maua, mwenye shamba kubwa la miwa, mamlaka za maji za miji, na maji yetu yakitoka hapa yanakwenda kuzungusha mitambo ya Nyumba ya Mungu, megawati 8, kisha Hale, 21, kisha Pangani Mpya, 68. Kila mwenye gari akijaza mafuta, shilingi 50 kwa lita inakwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Kutenga sehemu ndogo ya ada hizi, iandikwe kabisa kwenye bajeti kwamba hii ni ya utafiti na isiguswe kwa posho wala kwa matairi, haihitaji fedha ya mfadhili. Nchi za Umoja wa Afrika zilishakubaliana kutumia asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania bado haijafika hapo. Mimi siingojei hiyo asilimia. Mto hauingoji.

Wala si jambo geni Kilimanjaro. Panda hapo Lyamungu. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo tangu miaka ya 1930, lakini kuanzia 2001 kilikuwa taasisi, TaCRI, inayoongozwa na wadau wa kahawa wenyewe, kwa michango iliyokatwa kwenye kahawa pamoja na fedha za Umoja wa Ulaya. Mkulima alikuwa na swali moja la wazi: nitapataje mbuni usioshambuliwa na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ili niache kununua dawa? Jibu lilitoka, miche ikasambazwa, na ukipita vihambani leo utaiona. Kuna malalamiko kuhusu upatikanaji wa miche, nayajua, shemeji huyohuyo anayo. Lakini swali lilikuwa la mkulima na jibu lilimrudia mkulima. Kwa nini kahawa iweze na maji yashindwe?

Nina mfano mwingine, mdogo, wa hapa kwetu, na huu nimeuona kwa macho. Mwisho wa mtaro wetu kuna majaruba yaliyokuwa yakitoa unga mweupe juu ya udongo, magadi. Mpunga unaota, unakuwa wa njano, unakufa kwa mabaka. Wenyewe walikuwa wameshaanza kuyaacha. Akaja binti anayesoma kilimo, kwao si mbali na hapa. Tofauti na wengine, alianza kwa kukaa na kamati na kuuliza, "Mama, ninyi mngependa nijue nini?" Tukamwonyesha magadi. Akachukua udongo kwa vina tofauti, akaupima chuoni kwao, baadhi ya gharama akalipa kwa fedha yake ya kujikimu. Baada ya mitihani akarudi, na hilo ndilo lililotushangaza. Alibandika karatasi za manila ukutani kwenye ghala, ameandika kwa Kiswahili, ramani ameichora kwa kalamu za rangi. Akasema chumvi inapanda kwa sababu mbili: maji yanayofika huko mwisho ni machache mno kuisafisha, na mtaro wa kutolea maji umejaa matope na matete, hivyo hata hayo machache hayana pa kutokea. Tukaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukauzibua. Msimu uliofuata si majaruba yote yaliyopona, maana kuna mahali alituambia kabisa kwamba udongo umeharibika zaidi na utahitaji jasi. Lakini mengi yalirudi. Tulimpa gunia la mchele, akakataa, tukamfungia kwenye basi kwa nguvu.

Utafiti ule wote haukufikia bei ya semina moja ya hotelini Arusha yenye chai ya saa nne.

Linganisha na kilimo shadidi, ambacho tumefundishwa na watu wengi wenye nia njema. Unapanda mche mchanga, mmoja mmoja, kwa nafasi, kisha unalowesha jaruba na kulikausha kwa vipindi badala ya kulijaza maji muda wote. Maji yanapungua, mavuno yanapanda, na kwenye shamba la mfano nimeona ni kweli. Mbona basi wengi hawakaushi? Kwa sababu hakuna mtu atakayekausha jaruba lake kwa hiari wakati hajui zamu ijayo itamfikia lini. Ukiwa na maji leo unajaza mpaka ukingo, kwa hofu. Laiti swali lingeagizwa na kamati za maji, lisingekuwa "mpunga unahitaji maji kiasi gani". Lingekuwa "zamu zipangweje ili mtu athubutu kukausha". Hilo ni swali la mito na malango, na pia la tabia za watu. Sijaona aliyelifanyia kazi kwenye mtaro kama wetu.

Najua utafiti wa kuagizwa una ugonjwa wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi agharamie tathmini ya athari kwa mazingira. Wazo ni la haki, anayechafua alipie. Lakini matokeo yake ni kwamba mshauri anaajiriwa na mtu anayesubiri cheti, na mwenye kusubiri cheti hapendi kuletewa habari za vyura. Na sisi wakulima si malaika. Tukimlipa mtafiti moja kwa moja, tutataka aandike kwamba wa juu ndio wezi. Kwa hiyo mikono itenganishwe. Swali litoke kwenye Jumuiya za Watumia Maji, za juu na za chini zikikaa pamoja, shemeji yangu akiwemo. Bodi itunze fedha na kutangaza zabuni wazi, chuo cha Nelson Mandela cha Tengeru kiombe, chuo cha Sokoine cha Morogoro kiombe, TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, wenye kituo hapa Moshi waombe, na mgeni naye akitaka aombe akiwa na mwenyeji. Mwenye kuchagua nani anafaa wawe wanasayansi wasio na jaruba wala mfongo kwenye bonde hili.

Na mkataba uwe na meno. Sehemu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka mambo haya yatimie: namba zote zilizopimwa zimekabidhiwa ofisi ya bonde mahali ambapo hata mimi naweza kuziomba, matokeo yamesomwa kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, juu na chini, na ripoti imebandikwa hata kama imetuumbua. Maana inaweza kutuumbua. Mtafiti akija kusema kwamba nusu ya shida ni mitaro yetu ya udongo inayovuja na watu wanaofungulia usiku, karatasi hiyo ibandikwe ukutani pale pale ilipokuwa ile ya magadi, na jina la kamati yangu liwe juu yake.

Jambo moja zaidi, ambalo naliona ni kubwa kuliko yote ingawa halina mvuto. Sehemu ya fungu hili isiende kwenye utafiti wa kuanza na kwisha. Iende kwenye kupima. Mtu wa kusoma kipimo cha mto kila asubuhi, alipwe kila mwezi, asikopwe. Kipimo cha mvua kwenye shule za msingi za Uru, mwalimu apewe posho na vocha ya kutuma namba. Mfadhili hapendi kulipia hili kwa sababu baada ya miaka mitatu ya mradi hakuna kitu cha kupiga picha. Lakini mtafiti yeyote atakayeagizwa kesho atahitaji namba za jana, na mwaka ambao mto haukupimwa hauwezi kupimwa tena hata Benki ya Dunia ikija na maboksi. Tuna mabinti na vijana waliomaliza kidato cha nne wanakaa vijiweni. Kusoma bamba la kipimo cha mto na kuandika namba hakuhitaji chuo kikuu.

Huko Uru, Shimbwe Juu ilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, kwa sababu ya kihamba, mgomba chini ya kivuli, kahawa chini ya mgomba, na mfongo unaopita katikati. Wageni wanakuja kuutazama urithi huo. Bila maji kwenye mfongo sijui watatazama nini, na bila kujua maji yamekwenda wapi sijui watu wa Uru watalaumiwa kwa haki gani, au sisi.

Kamati yetu ilijadili jambo hili kwenye mkutano mkuu baada ya mavuno. Wengi waliafiki kila mwenye jaruba atoe debe moja la mpunga, liuzwe kwa pamoja, fedha iingie kwenye fungu hilo likifunguliwa, na swali la kwanza liwe lile la Rau. Wajumbe wawili walipinga. Mmoja alisema hatuaminiki wenyewe kwa wenyewe, na hilo tulicheka tukapita. Wa pili alisema ada ya maji tayari tunalipa, tukiongeza debe tutakuwa tumelipia kitu kimoja mara mbili. Hoja yake ni ya haki, sikuweza kuijibu. Ndiyo maana naandika barua hii kabla bajeti haijapitishwa: Wizara na Bodi watenge upande wao kwanza, hata kama ni kidogo, wautangaze kwa jina, na debe letu litafuata.

Katibu wa kamati ya maji,
Chekereni, Moshi Vijijini
(jina limehifadhiwa)